Capablanca dhidi ya Marshall, New York 1918: aliyeshindwa ni mchezaji, si ufunguzi wake

Tarehe 23 Oktoba 1918, mjini New York, José Raúl Capablanca wa Kuba alikaa upande wa kete nyeupe mbele ya Frank Marshall, bingwa wa Marekani tangu mwaka 1909. Capablanca alikuwa na umri wa miaka 29 na tangu mwaka 1916 hakuwa amepoteza mchezo hata mmoja. Angeendelea hivyo hadi mwaka 1924, alipofungwa na Richard Réti katika mji huohuo. Marshall alikuwa na miaka 41, mshambuliaji aliyependwa na watazamaji kwa sababu hakuona tabu kutoa kete bure akidhani kwamba mfalme wa mwenzake ataumia. Mchezo wao ulikwisha baada ya hatua 36 kwa ushindi wa Weupe, na mpaka leo hakuna mwalimu wa sataranji, au chesi kama wengi wanavyoiita, asiyewahi kuutandaza ubaoni mbele ya wanafunzi wake.

Mara nyingi unafundishwa kama kisa cha ulinzi: mtu mmoja aliyeviziwa kwa silaha iliyofichwa miaka mingi anatulia, anahesabu na kutoka salama. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Kwa muda mrefu ushindi wa Capablanca ulichukuliwa kuwa hukumu dhidi ya ufunguzi wenyewe, yaani mpangilio wa hatua za mwanzo, ilhali ukifuatilia kete moja moja utaona kwamba wazo la Marshall lilikuwa sahihi na kwamba kosa lake lilikuwa katika hatua moja tu, ya 11, iliyomwondoa farasi wake mahali alipokuwa na kazi kubwa.

Kwanza hiyo hadithi ya silaha iliyofichwa. Mwaka 1909 Capablanca, aliyekuwa bado kijana asiyejulikana sana nje ya Kuba na New York, alimshinda Marshall katika pambano la ana kwa ana kwa michezo 8 dhidi ya 1, huku michezo 14 ikiisha kwa sare. Husimuliwa kwamba Marshall alirudi nyumbani akiwa ameumia, akatengeneza shambulio jipya na kulifungia kabatini kwa miaka karibu kumi akimngoja Capablanca peke yake. Ni simulizi tamu, ila haishikiki. Hakuna hati inayoithibitisha. Kati ya mwaka 1910 na 1918 wawili hao walikutana mara kadhaa, na Marshall aliziacha nafasi za kulitumia zikapita. Tena mwaka 1917 alikuwa ameshacheza wazo linalofanana na hilo, kwa namna tofauti kidogo, dhidi ya mpinzani mwingine. Lililo hakika ni kwamba siku ile Marshall alikuja akiwa amejiandaa, na Capablanca alilitambua hilo papo hapo.

Ufunguzi ni ule wa Kihispania, unaobeba pia jina la kasisi Ruy López aliyeandika juu yake katika kitabu chake cha mwaka 1561. Nitaandika hatua kwa mraba wa kuondokea na mraba wa kufikia (herufi a hadi h ni safu, kutoka kushoto kwa Weupe, na namba 1 hadi 8 ni mistari, kutoka upande wa Weupe), ili msomaji aweze kuzifuata ubaoni bila kuhitaji alama za lugha yoyote. Weupe walianza e2-e4 na Weusi wakajibu e7-e5. Kisha g1-f3 na b8-c6. F1-b5 na a7-a6. B5-a4 na g8-f6. Katika hatua ya 5 Weupe walimficha mfalme wao upande wa g1, kwa ile hatua ya pekee inayosogeza mfalme na ngome pamoja, ngome ikatua f1, na Weusi wakacheza f8-e7. Zikafuata f1-e1 na b7-b5, halafu a4-b3, ndipo Weusi nao wakamficha mfalme upande wa g8. Hatua ya 8 ya Weupe ilikuwa c2-c3.

Hadi hapo hakuna jipya. Askari wa c3 anaandaa d2-d4, na Weupe wanakusudia kutawala katikati ya ubao taratibu. Lakini hatua hiyo ina gharama, nayo ndiyo msingi wa wazo zima la Marshall: askari anakalia mraba ambao farasi wa b1 angeupenda, na kete za upande wa kushoto wa Weupe, yaani ngome ya a1, farasi wa b1 na askofu wa c1, zote bado zimelala. Marshall hakungoja ziamke. Alisukuma d7-d5, akimwacha askari wake wa e5 bila mlinzi wa kutosha.

Capablanca alimla askari wa d5, farasi mweusi akalipiza kwa kuingia d5, na sasa swali likawa kama atamla askari wa e5 au atamwacha. Katika maelezo aliyoyaandika baadaye alikiri kwamba alifikiri kidogo kabla ya kujibu, kwa kuwa alijua atakabiliwa na shambulio kali ambalo njia zake zote mwenzake alikuwa amekwisha kuzipitia nyumbani. Hata hivyo hamu ya vita ilimpanda, akaona kwamba akili na ustadi wake vinapimwa, na kwamba heshima yake inamtaka aikubali changamoto. Binafsi naona kukiri huko kuna thamani kuliko sifa nyingi alizopewa za kuwa mashine isiyo na moyo. Farasi mweupe alikula e5, farasi mweusi wa c6 akamla, na ngome ya e1 ikamla huyo naye ikabaki imesimama e5. Weupe wana askari mmoja zaidi, Weusi wana muda.

Hatua ya 11 ya Marshall ilikuwa kumrudisha farasi kutoka d5 hadi f6. Kwa mtu anayetafuta damu ni hatua ya kawaida kabisa: farasi anaelekea g4, askofu wa e7 ataisukuma ngome akiwa d6, malkia atashuka h4, na mfalme mweupe ana askari watatu tu wa kumkinga. Ngome ilirudi e1, ikiwa imekwisha kutumia hatua tatu kwa safari ya kwenda na kurudi. Askofu mweusi akaingia d6. Capablanca akacheza h2-h3 kumzuia farasi, na Marshall akampeleka farasi g4 vilevile, kana kwamba kizuizi hakipo.

Hapa ndipo wengi wetu tungekufa. Askari wa h3 akimla farasi, malkia mweusi anatua h4, na kama Weupe watajikinga kwa g2-g3, askofu anajitoa kafara hapo g3, askari wa f2 anamla, malkia anakula g3 akimtishia mfalme, na askofu wa pili anakula g4 huku akimkaba malkia mweupe. Mfalme hana wa kumtetea tena. Badala yake Capablanca alimtoa malkia hadi f3. Ni hatua yenye kazi mbili: anailinda f2, na wakati huohuo anaitazama ngome ya Weusi kule a8 kupitia mshazari ambao farasi ameufungua kwa kuondoka d5. Marshall akaleta malkia h4. Ngome ya a8 ilikuwa bado iko wazi, nayo ilikuwa chambo: malkia mweupe akiila, malkia mweusi anakula f2, mfalme analazimika kukimbilia h1, na malkia anakula ngome ya e1 na kumfunga mfalme papo hapo, yaani kumkosesha pa kukimbilia na kumaliza mchezo, kwa kuwa njia ya h2 inashikwa na askofu wa d6 pamoja na farasi wa g4.

Capablanca akacheza d2-d4. Hatua hii haionekani kuwa na makeke, lakini ndiyo iliyomfungulia askofu wa c1 njia, na bila ya askofu huyo hakuna ulinzi wowote ambao ungesimama. Farasi mweusi akala askari wa f2. Kumla farasi huyo kwa malkia kungemruhusu askofu wa d6 kuingia h2 kwa kitisho, yaani akimshambulia mfalme moja kwa moja, kisha kurudi g3 na kumkaba malkia. Kwa hiyo ngome ilipanda hadi e2, ikiongeza mshambuliaji wa pili juu ya farasi bila haraka ya kumla. Marshall akatupa kete nyingine: askofu wa c8 hadi g4, akimtishia malkia na kuileta ngome ya a8 vitani. Kama malkia mweupe angejibu kwa kumla farasi wa f2, askofu wa d6 angekuja g3, malkia angerudi f1, askofu wa pili angeila ngome ya e2, na malkia akishamla huyo, ngome nyeusi ingeingia e8 na mchezo ungekwisha. Capablanca alikula g4 kwa askari wa h3.

Kisha mvua ikanyesha kwa wingi. Askofu mweusi h2 kwa kitisho, mfalme f1. Askofu g3, akitayarisha malkia kumfunga mfalme kule h1. Ngome ikamla farasi wa f2. Malkia h1 kwa kitisho, mfalme e2. Askofu akaila ngome ya f2. Tukihesabu baada ya zogo hilo, Weupe wana maaskofu wawili, farasi na ngome moja, Weusi wana ngome mbili na askofu mmoja, na askari ni sita kwa sita. Kwa hesabu ya kete Weupe wako mbele. Lakini mfalme wao yuko katikati ya ubao, na askofu wa c1 hana ulinzi: mfalme au malkia akimla askofu mweusi wa f2, malkia wa h1 anapita mstari wa kwanza na kumla wa c1.

Kama ningeombwa kuchagua hatua moja ya kuonyesha Capablanca alikuwa mchezaji wa namna gani, nisingechagua kafara yoyote. Ningechagua hatua ya 21, askofu kutoka c1 hadi d2. Anajiondoa kwenye hatari, anamwacha askofu mweusi akiwa amekabwa na kete mbili, anaiunganisha ngome ya a1 na farasi wa b1, na kumfungulia mfalme njia ya kuhamia upande wa kushoto, ambako kete zilezile zilizolaumiwa kwa kulala zitamfanyia kuta. Marshall aliondoa askofu wake hadi h4, na Capablanca akapeleka malkia h3, akimwalika wabadilishane malkia. Mshambuliaji hawezi kuukubali mwaliko huo. Ngome nyeusi ikaingia e8 kwa kitisho, mfalme akaenda d3. Malkia f1 kwa kitisho, mfalme akafika c2. Safari yote kutoka g1 ilimchukua hatua nne, na kila moja alisukumwa na adui mwenyewe.

Tangu hapo mchezo unabadilika sura. Mcheza bao angesema Marshall ameishiwa mtaji (mzunguko wa kula) na kubaki kutakata (kusogeza kete bila kula): askofu f2, malkia g1, zote zinazunguka upande ambao mfalme ameshauhama. Capablanca alirudisha malkia f3, halafu akampandisha askofu wa b3 hadi d5. Mraba huo ni uleule ambao farasi mweusi aliuhama katika hatua ya 11. Kutoka hapo askofu alikuwa anaitazama f7 kwa upande mmoja na kumkinga mfalme kwa upande mwingine, na hakuna kete nyeusi iliyoweza kumng'oa.

Marshall alijaribu kuvunja kwa c7-c5. Askari wa d4 akala, askofu akala c5, na b2-b4 ikamrudisha d6. Kisha ikaja a2-a4, na huyu askari wa pembeni, ambaye kwa hatua 28 hakuwa amesogezwa, akawa ndiye mhusika mkuu wa sehemu iliyobaki. Weusi a6-a5, askari mweupe akala b5, mweusi akala b4. Katika hatua ya 31 ngome ya a1 ilisogea kwa mara ya kwanza katika mchezo mzima, na haikusogea kidogo: iliruka moja kwa moja hadi a6. Hatua iliyofuata, baada ya askari mweusi kula c3, farasi wa b1 naye alisogea kwa mara ya kwanza kwa kumla askari huyo. Marshall alileta askofu b4, askari akapanda b6. Askofu akamla farasi wa c3, askofu wa d2 akalipiza. Weusi h7-h6, askari b7. Ngome nyeusi ikashuka e3, ikimkaba malkia na kuonyesha kwamba Marshall bado anatafuta.

Capablanca akamla askari wa f7 kwa askofu wa d5, na mchezo ukaishia hapo. Mfalme akikimbilia h8, ngome ya a6 inakula h6 na kumfunga, kwa kuwa askari wa g7 hawezi kumwacha mfalme wake mbele ya askofu wa c3. Ngome nyeusi ikimla askofu, askari wa b7 anageuka malkia kwa kitisho. Mfalme akienda h7, ngome inajitoa kafara h6. Akiila kwa askari, malkia wa f3 anakula f7 na kazi imekwisha; akiila mwenyewe, malkia mpya anakwenda h8, mfalme analazimika kuingia g6, na malkia anamfunga akiwa h5.

Sasa turudi hatua ya 11. Farasi mweusi alipoondoka d5 kwenda f6, milango miwili ilifunguka. Mmoja ni mshazari wa askofu wa b3 kuelekea f7, ambao ndio uliotumika kupiga pigo la mwisho. Mwingine ni ule wa malkia kutoka f3 hadi a8, uliompa Capablanca kitisho cha kudumu wakati alipokuwa akihitaji kila nafuu. Baadaye Marshall mwenyewe alilipata jibu: katika hatua ya 11 acheze c7-c6. Askari huyo wa c6 anamshikilia farasi palepale d5, na kwa hatua moja iliyo kimya milango yote miwili inafungwa. Njia inayofuatwa zaidi leo ni d2-d4, askofu e7-d6, ngome e5-e1, malkia d8-h4, askari g2-g3 na malkia h4-h3. Weusi hawana tena farasi wa kurukia g4 mapema, lakini kete zao zote zina mahali pa kusimama, na hawalazimiki kushinda upesi au kufa. Askari mmoja wamempoteza, na kwa kawaida wanampata tena au wanabaki na shinikizo linalotosha kwa sare.

Ndiyo maana jina la mshindwa ndilo lililobaki kwenye ufunguzi huu. Mwaka 1965, katika fainali ya kumtafuta mpinzani wa bingwa wa dunia iliyochezwa Tbilisi, Boris Spassky aliutumia dhidi ya Mikhail Tal, mshambuliaji hatari kuliko wote wa zama zake, na Tal hakupata namna ya kuuvunja. Garry Kasparov, akicheza na Nigel Short mjini London mwaka 1993, aliona heri aukwepe kwa kucheza a2-a4 katika hatua ya 8 badala ya c2-c3. Siku hizi kuukwepa kumekuwa tawi zima la masomo, lenye h2-h3 na a2-a4 kama njia zake kuu. Mchezo wa kwanza wa pambano la ubingwa wa dunia kule Dubai mwaka 2021 ulipita njia hiyo ya h2-h3 katika hatua ya 8. Kwa shambulio lililodhaniwa kuwa limezikwa mwaka 1918, kukimbiwa namna hiyo na mabingwa ni ushahidi mzito.

Mchezo wa 8 wa pambano la ubingwa wa dunia mwaka 2004 kule Brissago, Uswisi, unaufunga mjadala vizuri zaidi. Vladimir Kramnik alikuwa na kete nyeupe, Péter Lékó nyeusi, na wote wawili walipita njia ya Marshall hatua kwa hatua, safari hii ikiwa na c7-c6. Kramnik alikuwa na maandalizi ya kompyuta ambayo yalimwambia amtoe malkia wake ili kubadilishana na ngome, akitegemea askari mmoja wa pembeni. Askari huyo alikuwa yuleyule wa upande wa a: alianza a4, akala b5, akala a6, akapanda a7, karibu sawasawa na yule aliyemtawaza Capablanca. Lékó, akihesabu mwenyewe ubaoni, alipeleka malkia d3 katika hatua ya 25, akatoa kafara askofu wake f3 hatua iliyofuata, na farasi wake akaingia e4 na kisha c3 huku mfalme mweupe akitafuta pa kujificha. Baada ya hatua ya 32 Kramnik alikubali kushindwa, askari wake akiwa bado amesimama a7, hatua moja kabla ya kugeuka malkia.